SHERIA IMEFUNGUA MLANGO, NANI ATAMBEBA MTOTO?



Mwezi huu ninataka tuongee juu ya chanjo, ile ambayo wamama wetu wanaita "shindano ya kilo". Najua mwingine atasema: "Pasta, hiyo ni kazi ya wanganga, wewe utuhubirie tu." Ni kweli, mimi si munganga. Nimefundishwa katika shule ya Biblia, sikufundishwa uganga. Lakini mimi ndiye ninayeitwa wakati fundi wa mbao anapopigilia sanduku dogo, na ni sanduku moja dogo lililonifanya niandike maneno haya.

Ilikuwa mwaka wa 2019, wakati surua (ile ambayo kwenye karatasi za hospitali wanaandika rougeole) ilipokuwa inapita katika inchi yetu yote. Tulizika mtoto wa mwaka mmoja na nusu katika kartie ya wachimbaji wa mikono, si mbali na Kolwezi. Siku mtoto aliposhikwa na homa na macho mekundu, baba yake alikuwa shimoni. Aliporudi, vipele vilikuwa vimejaa mwili wote na kifua kinabana. Siku ya tatu kiisha hapo, mtoto akafariki. Nyuma ya maziko mama yake aliniambia maneno haya, sijayasahau mpaka leo:

"Pasta, nilimupeleka kwa kilo akiwa na miezi kenda. Banasema nilipe kwanza fishi. Sikukuwa na franka. Banasema nirudie siku ingine. Nikarudia, banasema batoto beko bachache, habawezi kufungula chupa. Kiisha bwana yangu akapata kazi kwa kariere ingine, njo tukahama."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tuombe, tukaomba. Lakini usiku ule usingizi haukuja, kwa sababu nilikumbuka jambo lingine. Mwezi ule ule mama huyu alipokosa feza ya fishi, kanisa letu lilikuwa limekusanya mchango wa kununua bafle mpya. Feza ya fishi haikufika bei ya mikate mitatu. Tulikuwa na sauti ya kuhubiri mpaka barabara ya pili, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba mama anayeketi kwenye benchi ya tatu alirudishwa na mtoto wake mgongoni.

Mtoto yule hakuwa peke yake. Surua ile ilitangazwa na serikali mwezi wa sita 2019, ikafika katika majimbo yote 26. Ilipotangazwa kwamba imekwisha, mwezi wa munane 2020, wagonjwa walikuwa wamepita 380,000, na waliokufa walikuwa zaidi ya 7,000, karibu wote watoto wadogo. Katika wakati ule ule dunia yote ilikuwa inaongea juu ya Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, na ilifaa kuongea, maana iliua watu 2,287. Lakini surua iliua mara tatu zaidi, na ilikuwa na chanjo ya zamani, ya bei ndogo, inayojulikana tangu miaka ya 1960.

Basi tunajiuliza: kama dawa iko, na kama Leta inasema ni ya bure, kwa nini watoto wetu wanakufa?

WATU WANE WA KAPERNAUMU

Fungueni Marko 2. Bwana Yesu alikuwa nyumbani kule Kapernaumu, na mlango ulikuwa wazi. Hakuna mtu aliyeandika kwenye mlango kwamba wagonjwa wasiingie. Lakini mtu mwenye kupooza hakuweza kufika, kwa sababu miguu yake haikumtii na watu walijaa. Akabebwa na watu wane. Walipoona hawana njia, walipanda juu ya nyumba, wakatoboa dari, wakamshusha.

Kitanda kina pembe ine. Mmoja akiachilia pembe yake, mgonjwa anaanguka, hata kama wale watatu wengine wana nguvu namna gani. Ndivyo ilivyo na chanjo. Mtoto wa miezi kenda hawezi kutembea mpaka kituo cha afya, wala hawezi kusoma sheria. Lazima abebwe, na wanaombeba ni wane: sheria, feza, frigo pamoja na munganga wake, na jamaa pamoja na kanisa. Tutazame pembe moja moja.

PEMBE YA KWANZA: SHERIA

Wengi wetu wenye umri wa miaka makumi ine na kupita tulizaliwa katika kambi za wafanyakazi. Union Minière, iliyoundwa mwaka wa 1906, ilianza katika miaka ya 1920 kukalisha wafanyakazi pamoja na wake zao na watoto, kwa sababu iliona kwamba mtu mwenye jamaa anadumu kazini. Ikajenga hospitali, nyumba za kuzalia, na mahali pa kupima watoto. Gécamines ilipochukua migodi, iliendelea vile. Mimi nilikuta bado kitu kidogo cha wakati ule. Mama yangu hakuulizwa franka hata moja, namba ya kazi ya baba ilitosha. Siku ya kilo tulipangwa mustari, tukalia, tukapewa shindano, tukarudi nyumbani.

Tulisema huo ndio wakati muzuri. Lakini leo nikifikiri, naona kasoro ambayo sikuiona nikiwa mtoto. Nyuma ya ukuta wa kambi kulikaa jamaa za wauza makala, za wakulima, za watu wasio na namba. Watoto wao walicheza mpira pamoja na sisi, lakini hospitali ile haikuwa yao. Shindano yetu haikutolewa kwa sababu sisi ni watoto. Tulipewa kwa sababu baba zetu ni wafanyakazi.

Kisha kazi ikafa. Mgodi wa Kamoto ulianguka mwezi wa kenda 1990. Gécamines, ambayo katika miaka ya 1980 ilikuwa inatoa tani karibu 470,000 za shaba kwa mwaka, katika mwaka wa 1994 haikufika hata tani 50,000. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoshwa kwa ule mupango ulioitwa "kuondoka kwa hiari". Baba akapoteza namba, na mtoto akapoteza hospitali. Kitu ambacho kinashikilia kwenye kazi ya baba kinaanguka siku baba anapoanguka.

Hapo ndipo tunaelewa sheria ni ya nini. Sheria nzuri inatoa afya ya mtoto katika mfuko wa kampuni na katika mfuko wa baba, inaiweka juu ya mtoto mwenyewe. Katika inchi yetu msingi huo umeandikwa. Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya kwa kila mtu. Sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inampa kila mwenye chini ya miaka 18 haki ya afya njema. Sheria ya 13 Desemba 2018 inaweka misingi ya namna afya ya watu wote inavyopaswa kupangwa. Na katika programu ya serikali inayoitwa PEV, chanjo za kawaida za watoto zinatolewa bure: BCG ya kifua kikuu, polio, dondakoo, pepopunda, kifaduro, surua, homa ya manjano, na nyingine.

Basi vijana, mukisikia mtu anasema "Leta inatusaidia na chanjo", mumusahihishe kwa upole. Huo si musaada. Ni deni ambalo Leta yenyewe imeandika kwa mukono wake.

INCHI TAJIRI NAYO ILIZIKA

Tusifikiri kwamba shida hii ni ya wamaskini peke yao. Toka mwaka wa 1989 mpaka 1991, surua ilishika Marekani. Wagonjwa walipita 55,000, na zaidi ya 120 wakafa. Inchi yenye madaktari wengi na frigo kila pahali! Walipochunguza sababu, wakaona kwamba watoto wengi waliougua walikuwa wadogo wasio na chanjo, hasa watoto wa wamaskini wa miji mikubwa.

Ilikuwa namna gani? Mama alimpeleka mtoto kwa daktari wake. Daktari aliona hana feza wala bima ya kulipa chanjo, akamwambia: "Nenda kule kwenye kliniki ya serikali, watakupa bure." Kliniki iko mbali, ina mustari murefu, na mama ana kazi. Hakufika. Mtoto alikuwa ameisha kuingia katika nyumba ya munganga, akatoka bila chanjo. Mwaona, ni ndugu wa yule mtoto wetu wa Kolwezi.

Bunge la Marekani likatunga sheria, na Président Bill Clinton akaitia sahihi tarehe 10 Agosti 1993. Tangu Oktoba 1994, serikali yenyewe inanunua chanjo na kuzipeleka kwa madaktari walioandikwa katika programu, ili mtoto asiye na uwezo apewe pale pale anapotibiwa. Sheria ile inahesabu watoto mpaka miaka 18: wale wa jamaa maskini, wale wasio na bima, na watoto wa wenyeji wa asili wa inchi ile.

Kuna kipande kimoja cha sheria ile ambacho ningependa kukibandika kwenye mlango wa kila kituo chetu cha afya. Daktari anaruhusiwa kuomba feza kidogo kwa kazi ya kupiga shindano. Lakini kama mzazi hana feza ile, daktari hana ruhusa ya kumnyima mtoto chanjo. Waliotunga sheria walijua mioyo ya watu. Walijua kwamba dawa inaweza kuwa ya bure, na bado mtoto akarudishwa juu ya feza ya karatasi.

Matunda yake? Mwaka wa 2000 Marekani ilitangaza kwamba surua haikai tena katika inchi yake. Wataalamu wa serikali yao walihesabu kwamba, kwa watoto waliozaliwa toka 1994 mpaka 2023, chanjo za kawaida zitakuwa zimezuia vifo zaidi ya 1,100,000. Sheria moja haikufanya yote hayo peke yake, lakini ilibeba pembe yake.

PEMBE YA PILI: FEZA

Sheria bila feza ni kama karamu iliyotangazwa bila chungu kwenye moto. Sehemu kubwa ya chanjo mpya za Kongo inalipwa na Gavi, umoja wa inchi na mashirika ulioanza mwaka wa 2000. Lakini serikali yetu nayo inapaswa kulipa sehemu yake kila mwaka, na kununua yenyewe zile chanjo za zamani. Feza ya serikali ikichelewa, stoki inaisha, na mama anaambiwa "haiko".

Mwaka wa 2018 uchunguzi ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa mwaka mmoja wa Kongo, 35 tu ndio waliokuwa wamepata chanjo zote. Mwaka ule ule serikali ikaanzisha mupango wa haraka unaoitwa Mashako, kwa kukumbuka Profesa Leonard Mashako, aliyekuwa waziri wa afya. Kiisha, mwezi wa saba 2019, Président Tshisekedi na wakubwa wa majimbo wakakutana Kinshasa, wakatia sahihi ahadi ya kulipia chanjo na usafirishaji wake. Tuwapongeze. Lakini ahadi ni kama mbegu. Anayeipanda asipoulizwa juu ya mavuno, atailala.

Na sisi watu wa machimbo tuna neno letu la kuuliza. Sheria ya migodi iliyobadilishwa mwaka wa 2018 inasema kwamba katika kodi ambayo kampuni inalipa juu ya madini inayouza, sehemu 25 katika 100 ziende kwa jimbo, na 15 ziende kwa commune, sekteri au uchifu ambapo mgodi uko. Tena kampuni inapaswa kuweka 0.3 katika 100 ya mauzo yake kwa ajili ya kazi za maendeleo ya watu wanaokaa karibu. Kobalti na shaba zinapita mbele ya milango yetu kwa makamiyo, usiku na mchana. Je, katika feza ile, kuna frigo ngapi za chanjo? Kuna pikipiki ngapi za wanganga? Hayo si maswali ya fujo. Ni maswali ya raia anayejua kusoma. Wakubwa wa kanisa wakiitwa katika mikutano ya kupanga kazi hizo, wasiombe bati za kanisa kwanza. Waombe frigo.

PEMBE YA TATU: FRIGO NA MUNGANGA

Zamani, katika vita ya kumaliza ndui, walitumia chanjo kavu ambayo iliweza kuvumilia joto la njiani. Mgonjwa wa mwisho wa ndui katika inchi yetu, wakati ilipoitwa Zaire, alionekana mwaka wa 1971, na mwaka wa 1980 ulimwengu wote ukatangazwa huru. Chanjo za leo nyingi ni kama maziwa. Zinapaswa kukaa katika baridi toka kiwandani mpaka kwenye mukono wa mtoto, kati ya digri 2 na 8. Joto linaua nguvu ya chanjo ya surua. Na zingine, kama ile ya pepopunda, zikiganda barafu zinaharibika vilevile. Ndiyo maana munganga anaangalia frigo yake kama mama anavyoangalia mtoto muchanga.

Kwenye chupa za chanjo kuna alama ndogo, muraba mweupe ndani ya duara. Joto likizidi, muraba unaanza kuwa mweusi. Ukifikia rangi ya duara, chupa hiyo inatupwa. Mama, una ruhusa ya kumuomba munganga akuonyeshe. Munganga mzuri hatakasirika.

Sasa turudie maneno ya mama yule: "Batoto beko bachache, habawezi kufungula chupa." Chupa ya surua inayotumiwa kwetu mara nyingi ina sehemu za watoto kumi. Ikiisha kuchanganywa na maji yake, inadumu saa sita tu, kisha inamwagwa. Munganga akiona watoto wawili, anafikiri: "Nikifungua, sehemu munane zitapotea, na wakubwa watanihesabia." Kwa hiyo anasema murudie. Lakini Shirika la Afya la Dunia linafundisha kwamba chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa maana dawa inayomwagwa inanunuliwa tena, lakini mtoto hanunuliwi. Hasa kwetu, ambapo jamaa zinahama kufuata kariere mpya. Mama unayemrudisha leo, kesho kutwa hayuko.

Na tusimhukumu munganga upesi. Wanganga wengi wa vituo vyetu wanakaa miezi mingi bila mushahara wa Leta. Ile feza ya fishi ndiyo inanunua kalamu, sabuni, na pengine unga wa nyumbani kwake. Nilipoenda kuuliza kwenye kituo kile, nikiwa na hasira, munganga alinionyesha daftari na frigo yake ya petroli iliyokuwa imezimika siku kumi na moja. Hasira yangu ikapoa. Siwezi kusema alifanya vizuri. Ninasema alikuwa anabeba pembe yake na mukono mmoja.

PEMBE YA INE: JAMAA NA KANISA

Hapa sasa hatuna mtu mwingine wa kusemea. Pembe hii ni yetu.

Kwanza, habari za mitaani. Tumesikia kwamba chanjo inazuia wasichana kuzaa, kwamba wazungu wanapima dawa kwetu, kwamba ni alama ya mnyama. Katika wakati wa Covid maneno hayo yaliongezeka mara mia. Ndugu zangu, tutazame kwa macho. Wamama waliopigwa shindano katika kambi zetu ndio waliotuzaa sisi, munane, kenda, kumi katika nyumba moja. Kama ile dawa ingezuia kuzaa, mimi singeandika, na wewe usingesoma. Ni kweli mtoto anaweza kupata homa kidogo kiisha shindano, au mukono ukavimba. Munganga ataeleza namna ya kumtunza.

Pili, wale wanaosema: "Sisi tunaomba tu, Mungu anatosha." Mimi ninaamini Mungu anaponya, nimeona kwa macho yangu. Lakini Bwana Yesu hakuwakemea wale watu wane kwa sababu walibeba kitanda. Marko anatuambia kwamba aliona imani yao. Aliionaje? Aliiona katika mikono yao na katika dari lililotobolewa. Imani yenye kukaa nyumbani wakati mtoto wa jirani anaungua na homa, ni imani gani?

Tatu, wababa. Kwenye kilo tunaona wamama tupu. Baba anajua bei ya kobalti kila asubuhi, lakini hajui mtoto wake amebakiza shindano ngapi. Baba mkristo, leo jioni omba fishi ya mtoto uisome. Kama surua ya miezi kenda haijaandikwa, hiyo ndiyo kazi yako ya juma hili.

Tena tusidanganyike kwamba sheria ikiisha kushinda, tunaweza kulala. Marekani ile ile niliyoisifu, mwaka wa 2025 surua ilirudi kule Texas, katika watu ambao wengi hawakuchanjwa. Watoto wawili wa umri wa shule wakafa, wote hawakuwa na chanjo. Sheria ya 1993 ilikuwa bado iko, chanjo ilikuwa iko, frigo zilikuwa zinafanya kazi. Pembe iliyoachiliwa ilikuwa ya ine.

TULIFANYA NINI

Kiisha maziko yale tuliketi na wazee wa kanisa, wamama wa idara yao, na vijana. Tuliamua mambo ambayo kanisa lolote linaweza kufanya, hata lile la nyasi.

Siku ya kilo inatangazwa kila Siku ya Mungu, pamoja na matangazo ya kwaya. Tuliongea na kituo cha afya, tukajua siku gani wanafungua chupa ya surua, na wamama wetu wanaenda pamoja siku ile. Wakiwa kumi, hakuna mtu anayesema watoto ni wachache.

Kuna sanduku dogo nyuma ya kanisa, limeandikwa "Fishi". Kila mwenye kitu anatia kidogo. Mama akikosa feza ya karatasi, anakuja kwa mke wa mzee, bila kuulizwa ni wa dini gani. Pamoja na hiyo, wazee wanaendelea kuuliza kwa zone ya afya kwa nini fishi inalipishwa. Sanduku letu linasaidia leo, lakini halipaswi kuwa dawa ya kudumu.

Siku ya kubariki watoto, ninaomba wazazi walete fishi. Sikatai kumbariki mtoto asiye nayo, Mungu apishe mbali. Lakini ninauliza mbele ya wote, na kanisa linajua nani wa kusaidiwa.

Na vijana wanapita nyumba kwa nyumba pamoja na wale wajitoleaji wa afya wanaoitwa relais, hasa katika kartie za wachimbaji, wakiandika watoto wapya waliohamia. Kijana mwenye telefone anaweza kufanya kazi hiyo vizuri kupita pasta mwenye suti. Si kazi ngeni kwetu. Tangu mwaka wa 1981 Kanisa la Kristo, kwa mradi wa SANRU, limekuwa likisaidia zone za afya za vijijini. Wazee wetu walianza, sisi tuendeleze.

Bafle tulinunua vilevile, sitaficha. Sasa inatangaza kilo.

Mama yule alizaa tena mwaka wa 2021, mtoto musichana. Siku moja kiisha ibada alinifuata, akafungua kitambaa chake. Nilidhani anataka kunionyesha picha ya mtoto. Alitoa fishi. Alinionyesha mustari wa surua kwa kidole, ulikuwa umejazwa tarehe na sahihi. Hakusema neno, na mimi sikusema. Tulisimama pale kidogo, kisha akaenda kupika.

Mungu awabariki, na awape nguvu ya kushika pembe yenu.

MASWALI YA KUONGEA PAMOJA NYUMBANI

1. Someni Marko 2, mistari ya kwanza mpaka 12. Katika habari ya chanjo, ni pembe gani inayolegea zaidi katika kartie yetu?

2. Kila mtoto wa nyumba hii amebakiza shindano gani? Baba aisome fishi kwa sauti.

3. Je, kuna jamaa mpya iliyohamia karibu yetu kufuata kariere? Nani kati yetu atawatembelea juma hili?

4. Kama kituo cha afya kinaomba feza kwa kitu ambacho ni bure, tutauliza namna gani kwa heshima, bila kumwaibisha munganga na bila kunyamaza?